KIPIMO NA KAULI: HISTORIA YA KAUNTA YA DUKA KATIKA MILIMA YA UPARE, KWA KUREJELEA MAMBA

1.0 Utangulizi

Historia ya biashara katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kina kuhusu bidhaa, njia za misafara, bandari na sera za serikali. Mahali ambapo biashara hiyo yote hukamilika, yaani pale muuzaji anapokabidhi bidhaa na mnunuzi anapokabidhi fedha, pameandikwa kwa uchache zaidi. Hata hivyo, ni kwenye kaunta ya duka ndipo watu wa kawaida walipokutana na uchumi wa dunia uso kwa uso. Ni hapo pia ndipo Kiswahili kilipofanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watu wasiozungumza lugha moja nyumbani, bila mwalimu wala kamusi.

Kaunta ina malalamiko yake ya kudumu. Wauzaji husema kuwa wateja ni wabishi, wakali na wagumu kuelewa. Wateja nao husema kuwa wauzaji wana kauli mbaya. Aghalabu malalamiko haya huelezwa kuwa ni suala la tabia ya mtu, malezi yake au kabila lake. Methali ya Kiswahili isemayo "biashara haigombi" huchukuliwa kuwa onyo kwa muuzaji mwenye hasira, na mjadala huishia hapo.

Mhadhara huu unaelekeza macho kwingine. Hoja yake ni kwamba ugomvi wa kaunta, katika sehemu kubwa ya historia yake, umetokana na kipimo: nani anapima, kwa chombo gani, kwa fedha ipi, na nani atabeba hasara kipimo kikipungua. Kauli hufuata kipimo. Pale ambapo pande mbili ziliona kipimo kwa macho yao, maneno yalikuwa mengi lakini matusi yalikuwa machache. Pale ambapo upande mmoja ulikificha kipimo, au ulilazimishwa kukibadili, kauli iliharibika.

Mamba inafaa kuwa kituo cha kulitazamia jambo hili. Ipo kusini mwa Milima ya Upare, katika Wilaya ya Same, nayo ilikuwa miongoni mwa himaya za jadi za Upare Kusini zilizokuwa chini ya wafumwa. Lugha ya nyumbani ni Chasu. Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi hupita upande wa magharibi wa milima, ilhali barabara ya Same, Kisiwani, Ndungu na Kihurio hupita tambarare ya mashariki. Kwa hiyo chumvi, sukari, mafuta ya taa na nguo vilipanda mlima kutoka mbali, na kila hatua ya safari hiyo iliongeza bei. Mtu wa mlimani alikutana na bei hiyo kwenye kaunta, wala hakuona mahali pengine ilipotengenezwa.

2.0 Kabla ya Kaunta: Gulio na Misafara

Kabla ya duka palikuwa na gulio. Neno hili, ambalo leo limeenea katika Kiswahili cha Tanzania kwa maana ya soko la siku maalumu, lina asili katika shina la Kibantu lenye maana ya kununua. Katika gulio muuzaji na mnunuzi walikuwa katika ngazi moja. Bidhaa ziliwekwa chini kwa mafungu, na fungu ni kipimo ambacho kila mwenye macho hukiona. Mnunuzi aliweza kuliinua, kulilinganisha na fungu la jirani na kuomba nyongeza. Ubishi wa bei haukuwa ufidhuli, bali ulikuwa ndiyo biashara yenyewe. Aliyenunua bila kusema neno ndiye aliyeonekana kuwa na kasoro.

Biashara ya masafa nayo haikuwa ngeni. Wahunzi wa Ugweno, upande wa kaskazini wa milima, walifua chuma kilichouzwa kwa majirani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyoanzia Pangani ilipita kando ya milima ikielekea Kilimanjaro na kwingineko. Misafara hiyo ilileta merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, pamoja na kaniki na shanga.

Ni kosa kudhani kuwa wanunuzi wa bara walipokea chochote walicholetewa. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika miaka ya 1857 hadi 1859, aliorodhesha shanga za aina nyingi mno na kuonya kuwa rangi isiyopendwa mahali fulani haikununua chochote hapo. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha kuwa uteuzi wa wanunuzi wa Afrika Mashariki uliathiri hata viwanda vya mbali vilivyozalisha nguo hizo. Kwa maneno mengine, mnunuzi mgumu alikuwapo kabla ya duka. Tofauti ni kwamba wakati huo mfanyabiashara ndiye aliyekuwa mgeni. Alilazimika kujifunza ladha ya wenyeji, kulipa hongo na kuchunga ulimi wake.

3.0 Duka, Fedha Mpya na Mnunuzi Aliyechanganyikiwa

Mambo yalibadilika chini ya utawala wa Wajerumani. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilimlazimisha kila mwenye nyumba kutafuta fedha. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, vituo vilivyo chini ya milima viligeuka kuwa lango la bidhaa. Maduka yalifunguliwa, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, na neno "duka" lenyewe lina chimbuko katika lugha za Asia. Mara nyingi nyumba ya duka ilikuwa na umbo lilelile: baraza mbele, ambako fundi cherehani aliketi, kisha kaunta ya mbao, na nyuma yake rafu, mizani na daftari.

Kaunta ilileta jambo ambalo gulio halikuwa nalo, yaani kipimo kilichokaa upande mmoja. Mizani ilikuwa kwa mwenye duka. Daftari lilikuwa kwa mwenye duka, na mara nyingi liliandikwa kwa maandishi ambayo mnunuzi hakuweza kuyasoma. Mnunuzi alibaki na masikio, macho na kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo ilivurugwa mara kwa mara na serikali zenyewe. Mtu aliyezaliwa Upare miaka ya 1890 alizoea rupia moja yenye pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia hiyo katika heller 100, nalo neno hilo likabaki katika Kiswahili kwa sura ya "hela" muda mrefu baada ya sarafu yenyewe kutoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya Waingereza, rupia iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na shilingi, rupia moja ikihesabiwa kuwa shilingi mbili. Neno "thumuni", ambalo kwa asili ni moja ya nane, likawa jina la senti hamsini, yaani nusu. Tarehe 14 Juni 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Katika maisha ya mtu huyohuyo, vibaba, pishi na ratili vilitoa nafasi kwa kilo na lita. Debe la bati, lililoingia nchini likiwa na mafuta ya taa, likageuka kuwa kipimo cha mahindi.

Kwa kuzingatia mfululizo huo, mzee aliyesimama mbele ya kaunta akihesabu sarafu mara tatu na kuuliza swali lilelile hakuwa mjinga. Alikuwa akitafsiri. Alibeba kichwani mifumo mitatu au minne ya hesabu, kila mmoja ukiwa umeletwa na serikali iliyomwambia kuwa ule wa awali haufai tena. Muuzaji aliyemwona kuwa msumbufu aliona tu mwisho wa safari hiyo ndefu.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Mwenye duka alizungumza Kigujarati au Kikachi nyumbani, na mteja alizungumza Chasu. Walikutana katika Kiswahili ambacho kwa wote wawili hakikuwa lugha ya mama. Kiswahili hicho cha dukani kilikuwa kifupi, chenye majina ya bidhaa, tarakimu na vitenzi vya amri: leta, toa, chukua, ngoja. Amri isiyopambwa kwa "tafadhali" au kwa jina la heshima husikika kuwa tusi katika jamii ambamo mtu hasemi na mkubwa wake kabla ya kumwamkia. Yapo maneno mengi ya kaunta yaliyohesabiwa kuwa dharau, ilhali yalikuwa ni upungufu wa msamiati. Si yote, hata hivyo. Utawala wa kikoloni uliwapanga watu kwa rangi, na mpangilio huo ulisikika pia katika kauli. Mtu mzima kuitwa "boi" hakukutokana na upungufu wa msamiati.

Sheria ilizidisha kutoaminiana. Sheria ya Tanganyika ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ya mwaka 1931, ilimnyima mfanyabiashara asiyekuwa na idhini ya serikali uwezo wa kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumlinda mwananchi asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mkopo uliendelea, kwa kuwa mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu na hula mwaka mzima, lakini uliendelea bila ulinzi wa sheria. Dhamana pekee iliyobaki ilikuwa uso wa mtu na neno lake. Kwa hiyo ukali wa mwenye duka kwa mdaiwa mbele ya watu ulikuwa ndiyo mahakama yake, na aibu ndiyo hukumu. Methali "kukopa harusi, kulipa matanga" ilipata maana mahususi katika mazingira hayo.

4.0 Mbiru: Watu Waliodai Kuona Kipimo

Utani wa Tanzania humtaja Mpare kuwa mtu wa kesi, asiyekubali kupoteza hata senti moja bila kuuliza imekwenda wapi. Utani ni utani. Hata hivyo, Upare una tukio la kihistoria linaloonyesha kuwa tabia inayotaniwa ilikuwa na maana ya kisiasa.

Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, utawala wa wilaya ulianzisha kodi ya nyongeza iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, ikapewa jina la mbiru, jina lililochukuliwa katika desturi ya zamani ya kutoa ushuru kwa wafumwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika kwa upana zaidi kuhusu Upare, ameeleza jinsi watu walivyoikataa. Mgogoro ulidumu kati ya mwaka 1944 na 1947. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani na kukusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa wakisubiri jibu. Baadaye wanawake nao walijitokeza kuwakabili viongozi.

Jambo la kuzingatia ni kile kilichokataliwa. Waandamanaji hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida, ambayo kila mtu aliijua kiwango chake. Walichokikataa ni kukadiriwa, yaani kupimwa na mtu mwingine, kwa kipimo wasichokiona, na kisha kuambiwa kiasi cha kutoa. Kwa mantiki hiyo, mnunuzi anayeomba mizani igeuzwe aone mshale, au anayeomba sukari ipimwe upya, anadai kwa kiwango kidogo jambo lilelile lililodaiwa Same mwaka 1945. Muuzaji anaweza kulisikia ombi hilo kuwa tuhuma ya wizi. Mteja analitoa kama haki.

5.0 Duka la Ushirika na Kauli ya Uhaba

Uhuru ulileta matumaini ya kuihamisha kaunta mikononi mwa wananchi. Mwaka 1962 liliundwa shirika la maduka ya ushirika lililojulikana kwa kifupi chake, COSATA, ambalo halikudumu muongo mzima. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Shirika la Biashara la Taifa lilikabidhiwa biashara ya jumla na ya uagizaji. Katika miaka ya 1970 kazi ya usambazaji ilihamia katika kampuni za biashara za mikoa, zilizoitwa RTC. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyokusudia kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka mahali pake maduka ya vijiji vya ujamaa. Uhaba uliofuatia uliilazimisha serikali kupunguza kasi.

Kwa kijiji cha mlimani, badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana katika nyaraka. Duka la kijiji lilikuwa mali ya wote, na muuzaji wake alikuwa mtoto wa kijiji, akizungumza Chasu. Ugeni wa lugha na wa rangi uliondoka. Anayenunua alikuwa "ndugu", na anayeuza alikuwa "ndugu". Ingetarajiwa basi kuwa kauli ingepoa. Kinyume chake, kizazi kilichoishi miaka ya 1979 hadi 1984 hukumbuka kipindi hicho kuwa cha kauli ngumu kuliko zote.

Sababu haikuwa tabia. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na upungufu wa fedha za kigeni viliondoa bidhaa kwenye rafu. Sabuni ya mche, sukari, chumvi, khanga na betri za redio ziliitwa "bidhaa adimu". Kiwanda cha sukari cha TPC kipo Arusha Chini, karibu na Moshi, katika mkoa uleule wa Kilimanjaro, lakini ujirani huo haukuihakikishia kaya ya Mamba kilo yake. Bidhaa ziligawiwa badala ya kuuzwa. Foleni, orodha ya kaya, barua ya balozi wa nyumba kumi na kibali vikawa ndivyo vipimo vipya. Msamiati uliongezeka kwa kasi: ugavi, magendo, ulanguzi, mlango wa nyuma. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya uhujumu uchumi, na wenye maduka walikamatwa kwa kukutwa na bidhaa.

Muuzaji wa duka la kijiji alisimama mahali pagumu. Mbele yake palikuwa na shangazi, mkwe na mwalimu wake wa zamani, kila mmoja akiwa na haki ya undugu. Nyuma yake palikuwa na mifuko miwili ya sukari kwa kaya mamia. Neno "imekwisha" lilikuwa kweli mara nyingi, lakini halikuaminiwa kamwe, kwa sababu kipimo kilikuwa kimefichwa tena, safari hii ndani ya ghala na katika orodha. Muuzaji aliyejibu kwa upole alionekana ana la kuficha. Aliyejibu kwa ukali alilinda angalau muda wake. Kauli ya mkato ya miaka hiyo, "kama hutaki, acha", haikuzaliwa na ujamaa wala na ubaya wa moyo. Ilizaliwa pale ambapo mnunuzi hakuwa na pengine pa kwenda.

6.0 Ruksa, Mfalme na Kijana wa Dukani

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais mwaka 1985, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, rafu zilijaa. Mnunuzi alipata pengine pa kwenda, na kauli ikabadilika kwa kasi ya kushangaza. Kaulimbiu "mteja ni mfalme" ilianza kuonekana kwenye kuta za maduka.

Neno "mteja" lenyewe linafaa kutazamwa. Katika Kiswahili cha pwani hutumika pia kwa mtu aliye chini ya tiba ya mganga. Mtu huyo huja akiwa na shida, hajui bei ya tiba, na hukaa katika uhusiano wa kuaminiana na anayemhudumia. Maana hiyo ya uaminifu wa muda mrefu inakaribia zaidi maisha ya duka la kijijini kuliko picha ya mfalme. Mfalme hapimiwi wala hakopeshwi. Mteja wa Mamba hupimiwa na hukopeshwa, na mwenye duka humjua hadi ukoo wake.

Anayepokea hasira za mfalme huyo mara nyingi si mwenye duka tena. Ni kijana wa kuajiriwa. Vijana wengi wa Upare wameshuka mlimani kwenda kuuza maduka ya Same, Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Chenji ikizidi, sarafu bandia ikipita au mteja akikana kuwa amepokea bidhaa, hesabu ya jioni haimkai mfalme, humkaa kijana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka masharti kabla mwajiri hajakata mshahara kufidia hasara, lakini sheria hiyo haijulikani sana nyuma ya kaunta. Msemo wa "biashara asubuhi, jioni mahesabu" una uchungu wa pekee kwa mtu ambaye mahesabu hayo si yake na hasara ni yake. Ukali wake kwa mteja anayechelewa kuamua, au anayerudisha kitu kilichofunguliwa, ni woga wa jioni.

Upande wa pili, mteja huyo wa Mamba ni muuzaji pia. Mamba inafahamika nchini kwa kilimo cha tangawizi, na wakulima wake wana chama chao cha ushirika. Mkulima anapouza mazao kwa gunia lililojazwa kupita mdomo wake, yaani lumbesa, yeye ndiye anayeibiwa kipimo, ingawa Sheria ya Vipimo inakataza ujazo huo. Mtu aliyepunjwa asubuhi kwenye gunia hawezi kutarajiwa kuitazama mizani ya jioni kwa macho ya upole.

Tangu mwaka 2008, huduma za fedha kwa simu zimeleta kaunta mpya, ile ya wakala. Kipimo sasa kimo ndani ya simu. Bibi anayepokea fedha kutoka kwa mjukuu wake aliye mjini haoni sarafu, huona ujumbe. Haelewi makato, na humwomba wakala ambonyezee namba ya siri. Wakala akikubali, anajiweka katika hatari ya kushtakiwa wizi. Akikataa, anaonekana hana adabu kwa mtu wa umri wa nyanya yake. Mgogoro huu una sura ileile ya mzee wa miaka ya 1920 aliyeshika rupia mkononi huku akiambiwa ahesabu kwa shilingi.

7.0 Hitimisho

Historia ya kaunta ya Upare inaonyesha kuwa asili ya muuzaji haikuamua ubora wa kauli yake. Wakati wa duka la mfanyabiashara wa kigeni palikuwa na ukali, na wakati wa duka la ndugu palikuwa na ukali zaidi. Wala mteja mbishi hakuwa zao la ujinga. Kuchanganyikiwa kwake kulitengenezwa na mabadiliko ya fedha na vipimo ambayo hakushirikishwa, na ubishi wake ulikuwa njia ya kudai kuona.

Hali hii ina maana kwa wanaofundisha huduma kwa wateja leo. Kumfundisha kijana wa dukani kutabasamu ni jambo jema, lakini halitoshi ikiwa mizani imegeuziwa ukuta, makato hayajaandikwa mahali panaposomeka, na hasara yote inamngoja yeye jioni. Ina maana pia kwa wanafunzi wa Kiswahili. Adabu ya lugha hukaa katika viambishi na maneno ya heshima, lakini hukaa pia katika mazingira yanayomruhusu mtu kuwa na adabu bila kupata hasara. Waliokaa Same mwaka 1945 wakisubiri jibu walilifahamu jambo hilo. Waliomba waonyeshwe kipimo.